Siku Nilipomkadiria Fundi Ndahani Bei ya Giaboksi

Jamani, kuna aibu mtu unaificha kwa sababu hakuna aliyeiona, lakini yangu mimi niliifanya mchana kweupe, siku ya harusi, mbele ya matarumbeta, kwa hiyo kuificha ni kazi bure, na bora niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mke wangu, ambaye huitia chumvi (anasema nililia barabarani, sikulia, lilikuwa vumbi, na vumbi la Dodoma mnalijua).

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa bei iliyobandikwa ukutani tuliamka siku moja tukakuta maduka ya mjini yamejaa vitambaa, redio, viatu vya plastiki na vipuri vya magari, na bei ya kitu ikawa ni ile anayoitaja mwenye kitu baada ya kuangalia viatu ulivyovaa. Kila mtu alikuwa anaona anaibiwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati shule ya msingi, na siku moja nilikwenda na wenzangu kununua kitambaa cha sare za kwaya, nikambana muuza duka mpaka akapunguza robo nzima ya bei, na Mama Grace, mwenyekiti wetu wa kwaya, akasema mbele ya watu, "Huyu Mwalimu Masima anajua bei, huyu." Basi. Mtu kama mimi hukupaswa kumwambia maneno kama hayo. Kuanzia siku ile nikawa najua bei ya kila kitu, kuanzia mkungu wa ndizi hadi jeneza.

Kwaya yetu ilikuwa na van. Tuliinunua kwa wamishenari waliokuwa wanarudi kwao, tena baada ya miaka miwili ya kuimba kwenye harusi za watu na kuuza karanga, na ilikuwa kuukuu kiasi kwamba ukikaa kiti cha nyuma unaiona barabara kupitia sakafuni. Gia ya tatu ilikuwa na tabia ya kuchomoka, kwa hiyo dereva wetu, Mzee Joeli, aliyewahi kuendesha malori nchi nzima kabla hajastaafu, aliizuia kwa goti lake la kushoto na kuendelea na safari akiimba. Siku moja tunatoka Mtera kuimba, katikati ya pori, giaboksi ikatoa mlio kama mashine ya kusaga iliyotiwa kokoto, kisha kimya. Tukavutwa na lori la samaki hadi Dodoma. Sauti ya kwanza, sauti ya pili, besi, wote tulishuka tunanuka perege.

Giaboksi nyingine ilipatikana Dar es Salaam, iliyotumika, ikaja kwa treni imefungwa kwenye gunia. Hiyo, kamati ya kwaya iliilipia bila ubishi. Ubishi ulikuja kwenye hela ya ufundi, na ubishi wenyewe ulikuwa mimi.

Niwaambie kwanza kwa nini tulikuwa na haraka. Esta, binti aliyekuwa anatuongozea sauti ya kwanza, alikuwa anaolewa baada ya siku kumi na Danieli, karani wa posta, na kwaya ilikuwa imewaahidi kwamba zawadi yetu ni kuwabeba maharusi kwa van yetu kutoka kanisani hadi ukumbini, ikiwa imepambwa maua, na matarumbeta nyuma. Familia zote mbili hazikuwa na gari. Van ilikuwa ndiyo gari.

Basi Jumapili baada ya ibada, zimebaki siku sita, tukamwita Fundi Ndahani. Huyu alikuwa na gereji yake kule Kizota, uwanja uliozungushiwa mapipa, mtu mzima wa miaka kama hamsini na tano, mpole, msemaji wa maneno machache, na alikuwa muumini mwenzetu ingawa alipenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Akaja, akatuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", kama desturi, tukaitika, akaizunguka van mara moja, akachungulia chini, akajifuta mikono.

"Ufundi peke yake ni elfu kumi na tano," akasema. "Nitaifanyia hapa hapa uwanjani, msihangaike kuivuta."

Mshahara wangu wa mwezi haukufika hapo. Nikacheka. Sikucheka kidogo, nilicheka kile kicheko cha darasani cha kumchekea mtoto aliyesema saba mara nane ni arobaini, na kwaya nzima, watu thelathini na zaidi, wakanigeukia kuona mjuzi wa bei atasema nini. (Hapo ndipo ningeweza kukohoa tu, nikanyamaza, na leo nisingekuwa na la kuwasimulia.)

"Shikamoo, Fundi," nikasema, maana mimi ni mtu wa adabu.

"Marahaba."

"Hebu tuchambulie hiyo elfu kumi na tano. Kazi gani hasa?"

Mzee wa watu akaanza kutaja, bila hasira, na mimi nikawa naandika kwenye daftari: kutoa viti vya mbele, kwa sababu injini iko chini yavyo, kufungua propela, kufungua stata na waya wa klachi, kuishusha giaboksi ya zamani, kuangalia sahani ya klachi, kuipandisha nyingine, nayo nzito kama ndama, kuunganisha na kurekebisha fimbo za gia, zile zinazotoka kwenye mkono wa dereva kwenda kwenye giaboksi, kujaza oili, mwisho, kulijaribu gari barabarani. Nikaandika bei pembeni ya kila kitu, bei za kutoka kichwani mwangu, mimi ambaye sijawahi kushika spana zaidi ya ya baiskeli. Nilipofika vitu vitatu vya mwisho nikavipiga mstari.

"Fimbo ni kuchomeka na kufunga pini. Oili ni kumimina. Na kulijaribu gari? Fundi, mtu analipwa kwa kuendeshwa?"

Watu wakacheka. Ndahani akasubiri wamalize.

"Mwalimu," akasema, "hizo tatu ndizo kazi yenyewe. Hizo nyingine ni kubeba chuma."

Hilo lilikuwa jibu, na mtu mwenye akili angelisikia. Mimi nililisikia kama kiburi. Nikasema hizo tatu nitazifanya mwenyewe, bure, kwa ajili ya kwaya, na yeye achukue elfu tisa kwa zilizobaki, na kisha (hapa naona aibu hata kuandika) nikaongeza, "Ruksa ilikuwa ya biashara, Fundi, haikuwa ruksa ya wizi. Bei yako ni ya mwizi."

Mama Grace akasema, "Mwalimu, jamani." Ndahani akamgeukia Mama Grace, akamwambia kwamba ataifanya kwa elfu tisa kwa sababu binti anaolewa, na ataikabidhi bila hizo kazi tatu. Akachukua kofia yake akaondoka. Mimi nilipigiwa makofi na besi.

Alifanya kazi siku mbili. Ijumaa mchana akamaliza, akanifuata shuleni na kunikabidhi gari kwa maneno mawili matatu, la mwisho likiwa hili: "Kabla halijabeba mtu, liendeshwe kidogo." Nikasema bila shaka, bila shaka.

Jioni ile, kwaya wakifanya mazoezi ndani ya kanisa, mimi nikaingia chini ya van na tochi, galoni ya oili na kujiamini. Nikaona fimbo mbili na vishikio viwili kwenye giaboksi. Fimbo mbili, vishikio viwili, hesabu ya darasa la kwanza. Nikachomeka, nikafunga pini. Oili nilifungua tundu la pembeni nikaimimina kwa mpira, na baada ya muda mfupi sana ikaanza kunirudia usoni, nikasema tayari, imejaa (nikashangaa jinsi giaboksi zinavyokunywa kidogo, nikawaza hata hapo kumbe mafundi hutudanganya). Nikapanda kiti cha dereva nikausukuma mkono wa gia: ukaingia hapa, ukaingia pale. Nikatoka nikajipangusa kwa namna ya kuonekana na watu waliokuwa mlangoni.

Kulijaribu barabarani hakukuwezekana, kwa kuwa Mzee Joeli alikuwa Kongwa msibani na alikuwa na ufunguo wa kuwashia. Aliporudi Jumamosi asubuhi akataka kulizungusha kidogo, lakini kina mama walikuwa wameshalifunga maua na riboni na kulipangusa likang'aa, na Mama Grace akasema hakuna atakayeliingiza kwenye vumbi kabla ya maharusi. Joeli akaniangalia. Mimi nikasema, "Halina tatizo." Ningeweza kusema neno jingine lolote lile.

Ibada ikaisha saa tisa mchana. Esta alipendeza, Danieli alikuwa anavutavuta mikono ya suti ya kuazima, wakatoka mlangoni kwa vigelegele, wakapandishwa kwenye van na wapambe wao. Van ilikuwa imeelekea geti. Nyuma yake walipanga mstari wapiga matarumbeta, na nyuma ya matarumbeta kina mama wanacheza, na mimi nikasimama pembeni mikono kiunoni kama mtu aliyelitengeneza gari lile kwa udongo. Joeli akawasha. Akaweka gia ya kwanza. Akaachia klachi.

Van ikarudi nyuma.

Haikurudi kwa aibu aibu, iliruka, maana Joeli alikanyaga mafuta ya kupandia kilima cha geti, na wapiga tarumbeta wakatawanyika kama kuku, mpiga ngoma kubwa akaiacha ngoma yake akaokoa maisha, na gurudumu likaipanda ngoma ikapasuka kwa mlio uliomtoa hata mchungaji ofisini. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Joeli akashika breki. Akajaribu tena: nyuma. Akausukuma mkono wa gia kila upande: kwingine ukagoma, kwingine haukushika kitu. Van ilikuwa imebaki na gia moja duniani, nayo ilikuwa ya kurudi.

"Imekuwaje?" Mama Grace akauliza.

Hapa sasa, wenzangu, ningesema. Nilijua. Lakini watu mia mbili walikuwa wananitazama (au nilidhani wananitazama mimi), nikasema kwa sauti ya kamati, "Ukumbi si mbali. Twende hivyo hivyo, rivasi."

Mama wa bwana harusi akasema mwanawe haanzi ndoa kwa kurudi kinyumenyume. Wajomba wakabishana. Jua linachoma, pilau ukumbini linapoa, gari jingine hakuna. Mwishowe Joeli akaigeuza van kwa kuirudisha kwenye kona ya uwanja na kuisukumisha, akatoka getini kwa matako, na msafara ukaanza: van kinyumenyume, Joeli ametoa kichwa chote dirishani anaangalia nyuma, maua ya mbele yakiwaangalia tuliowaacha, tarumbeta bila ngoma kubwa, na bibi harusi anaiona mbele ya kioo njia anayotoka badala ya anayokwenda.

Tulifika kwenye makutano ya barabara kubwa. Askari wa usalama barabarani akanyanyua mkono, kisha akaushusha taratibu, akaja akiwa amekunja uso.

"Mzee, kwa nini unaendesha gari kurudi nyuma barabara kuu?"

"Afande," Joeli akasema, jasho likimtoka, "sisi tunaenda mbele. Gari ndilo linarudi nyuma."

Watu wakaangua kicheko, mpaka askari mwenyewe akageuka pembeni. Lakini akasema hatuendi popote hivyo, injini ikazimwa, na watu wa sokoni wakaanza kusogea kutazama. Ndipo mjomba wa Danieli, mtu wa miraba minne, akauliza kwa sauti, "Ni fundi gani aliyefunga giaboksi hii?"

Mtu akajibu, "Ndahani."

Basi jina likashika moto. Ndahani mwizi, Ndahani kala hela za kwaya, Ndahani angeua watu. Maneno yangu ya Jumapili ile, neno la wizi, nikalisikia kwenye midomo ya watu ambao hata hawakuwa kwenye kikao. Na mimi nilisimama pale katikati nimeinamisha kichwa kama mtu anayesikitika pamoja na wenzake.

Naye akatokea. Alikuwa ametangulia ukumbini kwa miguu na mkewe, akasikia kelele, akarudi. Amevaa shati jeupe limepigwa pasi, suruali ya heshima. Mjomba akamfuata akamkamata ukosi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi," Ndahani akasema, na akaniangalia. Aliniangalia tu. Hakusema "muulize Mwalimu", alinipa nafasi, tena ndefu, naukumbuka urefu wake. Ningependa sana kuwaambia kwamba niliitumia. Nilikuwa naangalia viatu vyangu.

Aliyesema ni Esta. Alishusha kioo, akatoa kichwa na shela lake lote, na ile sauti ya kwanza iliyokuwa inafika bila kipaza sauti hadi mwisho wa kanisa ikafika hadi sokoni: "Mwalimu, si wewe uliyekuwa chini ya gari jana jioni tukiwa mazoezini? Si ulisema unafunga mwenyewe?"

Mkono wa mjomba ukaachia ukosi. Watu wakanigeukia. Nikasema, "Ndiyo. Fimbo za gia na oili nilifanya mimi. Fundi alinionya." Sauti yangu ilitoka nyembamba, sauti ya pili.

Ndahani hakungoja nimalize. Alivua shati, akampa mkewe, akaazima spana na koleo kwa dereva wa lori aliyekuwa amesimama, akajilaza kwenye lami yenye moto na kuingia chini. "Fimbo umezipishanisha," akasema kutoka huko. Kisha: "Oili uliweka kiasi gani?"

"Mpaka ikamwagika."

"Gari lilikuwa limesimama limeinamia upande wa tundu, Mwalimu. Humu hamna hata nusu lita. Linataka lita mbili na zaidi."

Akatoa kichwa, akamweleza Joeli taratibu, na wote wakasikia, kwamba kama ningezipatia fimbo, gari lingekwenda mbele vizuri, maharusi wangefika, kesho yake tungeanza safari ya kuwarudisha wazazi wa maharusi Kongwa, na giaboksi ingekauka na kujikamata njiani kwenye mwendo, imejaa watu. Kwa maneno mengine kosa langu moja ndilo lililozuia kosa langu la pili lisituue. Sijawahi kupata sifa ya namna ile tena.

Joeli akakimbilia oili kituo cha mafuta, akarudi nayo. Ndahani akarekebisha fimbo, akamwambia Joeli asukume gia, akarekebisha tena kidogo tu, unene wa ukucha, akajaza oili, akapanda mwenyewe na kulizungusha gari pale makutanoni mara mbili, askari akimzuilia magari mengine. Dakika ishirini na tano kwa jumla. Nilizihesabu kwa mazoea, na nilipotaka kuzipigia bei, kwa mara ya kwanza hesabu ikanishinda, kwa sababu sikujua niandike nini mbele ya zile dakika: mkono wa spana, au ile miaka thelathini iliyomfundisha unene wa ukucha. Van ikaenda mbele. Kina mama wakapiga vigelegele, na vile vya safari hii havikuwa vya bibi harusi.

Jumatatu nilikwenda Kizota na elfu sita, za mfukoni mwangu (mke wangu anasema za mfukoni mwake, na hapo hatii chumvi). Nikamwamkia, nikampa kwa mikono miwili. Akazihesabu, akazitia mfukoni.

"Na ya Jumamosi?" akauliza.

Nikafungua mdomo kusema ni dakika ishirini na tano tu. Nikaufunga. Nikauliza ni kiasi gani, akataja, nikalipa.

Nikadhani yameisha. Nikageuka niondoke, akaniita.

"Mwalimu. Hela nimepata. Lile neno je?"

"Nisamehe, Fundi. Nilikosa."

"Mimi nimekusamehe tangu juzi. Lakini ulilisemea mbele ya watu. Mimi nina wateja, nina watoto wanaosoma kwenye shule yako. Ukalirudishe pale pale ulipolitoa."

Nilijaribu kumwambia kwamba watu wameshaelewa. Akaendelea kusafisha kabureta.

Jumapili wakati wa matangazo nikamwomba mchungaji nafasi. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri, yenye methali, nikasimama, nikaangalia kiti cha nyuma kabisa alikokaa, methali zote zikanipotea. Nikasema: "Nilimwita Fundi Ndahani mwizi. Bei yake ilikuwa ya haki. Asiyejua kazi ni mimi." Mtu mmoja kwenye besi akashindwa kujizuia, akacheka, na kanisa zima likafuata, na mchungaji naye, na mimi nikasimama pale mbele nikichekwa kama mtoto wa saba mara nane. Ndahani hakucheka. Aliinua mkono kidogo tu, kama mtu anayemwambia dereva inatosha, simama.

Tangu siku ile bei ya fundi nikiiona kubwa nafanya mambo mawili: namuuliza kazi inaishia wapi na nani atawajibika gari likigoma, halafu nakwenda gereji mbili nyingine kuuliza hayo hayo kwa heshima zote. Nikiridhika nalipa, nisiporidhika naaga. Lakini kuichambua kazi ya mtu kwenye daftari na kuipiga mistari nimeacha kabisa, na neno lile simwambii fundi yeyote tena maisha yangu, labda siku nitakayolala mwenyewe chini ya gari, nikatoka, nikampandisha mke wangu na wanangu humo ndani bila kuogopa, na siku hiyo, kwa jinsi ninavyojijua, haipo.